Mwalimu wa Kisa cha Tatu

Mwalimu alikuwa akitembea na kijiko chake mkobani. Kilikuwa kijiko cha chai cha kawaida, kimefungwa kwenye leso nyeupe iliyopigwa pasi, na hakuna mwanafunzi wa sayansikimu aliyepita mikononi mwake asiyekijua. Ukimaliza kupika unasimama kando ya sufuria yako, mikono nyuma. Yeye anafungua leso taratibu, anachota, anaonja, kisha anatazama dirishani. Muda ule wa kutazama dirishani ndio uliokuwa ukitumaliza. Halafu anasema neno moja tu: "Chumvi." Au: "Moto." Siku moja aliniambia, "Uvivu," na mpaka leo sijui aliuonjaje uvivu kwenye maharage, lakini ni kweli sikuwa nimeyachambua.

Namwita Mwalimu na nitaishia hapo. Sura yake nilishaiuza. Jina nimwachie mwenyewe.

Nalisema hili mapema asije mtu akadhani nimekaa kumsifu mzee wangu kama watu wanavyosifiana misibani. Mimi ndiye niliyemharibia. Si shetani, si hasidi, wala si majirani wa Mapinga peke yao. Ni mimi, mwenye duka la filamu karibu na stendi ya Bagamoyo, niliyefundishwa naye kushika kisu na sindano, na ambaye kila nikipata mafua alikuwa akiniletea tangawizi iliyochemshwa mpaka darasani, mbele ya wenzangu, nikaona haya.

Uongo aliuchukia kuliko uchafu, na uchafu aliuchukia kwelikweli. Mwenzetu mmoja alikosa shule siku tatu, aliporudi akasema kafiwa na shangazi. Mwalimu hakumuuliza swali. Jioni alifunga kilo ya sukari, akajitanda kanga, akaenda kuhani. Akamkuta shangazi mtu yuko uani anakaanga samaki. Hakugomba. Aliketi kwenye mkeka, akampa pole marehemu mwenyewe, akamkabidhi sukari yake, akala samaki mmoja, akaaga. "Mungu akulaze pema, mama," alimwambia. Yule mwenzetu hakuchapwa shuleni. Kazi hiyo aliifanya marehemu.

Mtu mkweli kiasi hicho ungedhani hana muda na hadithi za kubuni. Kumbe ndiye aliyekuwa hodari wa kutisha kuliko watu wote niliowahi kuwajua. Vipindi vya ushonaji alikuwa akitupa visa, sauti yake iko chini, macho yakiwa kwenye pindo analolishona, nasi tunajichoma sindano vidoleni bila kuhisi. Alijua mahali pa kunyamaza. Alijua kwamba mlango unaofunguka hautishi kama mlango unaotaka kufunguka. Na mtu huyo huyo, aliyetuletea wafu na majini kama anayewafuga, akimwona mjusi kafiri ukutani alikuwa akipanda juu ya meza na viatu vyake, akituamuru tumtoe. Tulimcheka mpaka machozi. Yeye pia alicheka, lakini hakushuka.

Lakini hakuna kisa alichokiacha kikining'inia. Kengele ikikaribia alikuwa anasimama, anakwenda kwenye mlango wa stoo aliokuwa ametutishia nao, anaufungua wazi. "Njooni mtazame. Kuna fagio, kuna ndoo, kuna gunia la mkaa. Nani hajaona?" Hata aliyejifanya hana woga alisukumwa mbele atazame. Alikuwa na neno lake aliloturudia mara nyingi: "Ukimtia mtu hofu, mtoe mwenyewe, kwa mkono wako. Usimwachie aende nayo kwao."

Sifa za visa hivyo ndizo zilizompatia nafasi katika tamthilia ya Visa Vitatu. Siku hizo televisheni zilikuwa bado ngeni. Mtaani kwetu ilikuwepo moja, kwa mwenye duka la vitambaa, na sisi watoto tulikaa sakafuni tukafurika mpaka kwenye ngazi. Mtayarishaji mmoja wa Dar alikuja Bagamoyo kupiga picha za tamthilia ya kutisha, visa vitatu, kila Alhamisi kimoja. Cha kwanza kilikuwa cha nyumba yenye chumba kisichofunguliwa. Cha pili kilikuwa cha fundi cherehani aliyeshona sanda ya mtu aliye hai. Cha tatu kilikuwa cha mwanamke mgeni anayepita nyumba kwa nyumba kuwasaidia akina mama kulea. Anampokea mtoto anayelia, anamwimbia bila maneno, kwa mvumo wa puani tu, na mtoto ananyamaza. Ananyamaza moja kwa moja. Kisha yule mwanamke anageuka na kwa mara ya kwanza unamwona uso.

Mwanamke yule alikuwa Mwalimu. Na ule uso aliutengeneza mwenyewe katika jiko la shule, kwa unga wa ngano, majivu, gundi ya karatasi na masizi ya sufuria. Bakuli nililishika mimi. Nilikoroga, yeye akapaka, akajitazama kwenye kifuniko cha sufuria, akasema, "Ongeza masizi chini ya macho." Naufahamu uso ule tangu ulipokuwa uji.

Alikubali kuigiza kwa sharti moja, na mtayarishaji alilipinga wiki nzima kabla hajasalimu amri. Kila kisa kikiisha, mwigizaji wake aketi kwenye kigoda, aletewe beseni na sabuni, anawe mbele ya watazamaji, kisha awasalimie. Basi Alhamisi ile ya tatu, wakati watoto wa mtaa mzima tumeshikana, wengine tumefumba macho, tukamwona kwenye kioo anajimwagia maji, masizi yanatiririka, Mwalimu wetu anatokeza chini yake. Akajifuta kwa taulo. "Hamjambo," akasema. "Mimi ni mwalimu wa hapa Bagamoyo. Niliyoyafanya ni mchezo. Watoto wote mliowaona wako kwao na wamekula." Tuliangua kicheko sote kwa pamoja, tukaenda kulala.

Alipostaafu alihamia Mapinga. Alikuwa na kiwanja tangu zamani, kabla ya pale kujaa nyumba za watu wanaofanya kazi mjini. Akajenga vyumba vitatu na baraza pana. Haikupita muda akina mama wa jirani wakaanza kumwachia watoto alfajiri wanapowahi Dar, kwanza mmoja, kisha wawili, mwisho baraza lote likawa chekechea bila kibao. Nilipokuwa nikimtembelea nilikuta vikombe vya bati vimetundikwa ukutani kwenye misumari, kila kimoja kina uzi wa rangi yake ili mtu asinywee cha mwenzake. Aliwafundisha kumwamkia kila mtu mzima anayepita, hata waendesha bodaboda waliokuwa wamezoea kuamkiwa na mapolisi tu, tena si kwa shikamoo.

Alikuwa mkali kwa akina mama kuliko kwa watoto. "Kucha za huyu zimekuwa za kulimia," alikuwa akimwambia mtu aliyevaa suti na viatu virefu, na aliyevaa suti anaomba radhi. Watoto wenyewe walimpanda kichwani. Walilala kitandani kwake juu ya mashuka yaliyodariziwa, yale ambayo sisi wanafunzi tulikuwa haturuhusiwi hata kuyagusa. Akiwabembeleza alikuwa akivuma puani, mvumo uleule, kwa sababu hakuwa na mwingine. Niliwahi kumtania, "Mwalimu, wazazi wao wangejua huo wimbo umetoka wapi." Akanijibu kwamba wimbo ulianza kwenye kulea, filamu ndiyo iliyoazima. Wazazi wale, wengi wao wageni waliotoka mikoani, hawakuwahi kusikia habari za Visa Vitatu.

Wazo la kuitoa upya lilikuwa langu. Watu wa rika langu walikuwa wakija dukani kujaziwa filamu kwenye flashi, na kila mara mmoja anauliza, "Ile ya yule mama ya zamani huna?" Sikuwa nayo. Hakuna aliyekuwa nayo isipokuwa Mwalimu, kanda moja ya video aliyopewa na mtayarishaji. Yule bwana alikuwa ameshafariki; mjane wake nilimpigia simu akaniruhusu. Nikaenda Mapinga kuomba kanda.

Aliitoa kabatini ikiwa ndani ya foronya. Akaishika kidogo kabla ya kunipa.

"Utaiweka kwenye DVD?"

"Na kwenye flashi, Mwalimu. Siku hizi ndiyo wanavyotaka."

"Sawa. Ila pale pa kunawa usipaguse."

"Sitapagusa."

"Sisemi kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya anayetazama."

"Nimeelewa, Mwalimu. Sitapagusa."

Nilipagusa. Nilikaa mbele ya kompyuta, nikaitazama yote, na kila nilipofika kwenye beseni niliona ile hofu inapoa kama chai iliyosahauliwa. Nikajiambia watazamaji wa siku hizi hawana subira ya kumtazama mtu akioga uso. Nikakata. Kwa haki niseme nilikata sehemu zote tatu, si yake tu, kana kwamba hilo linapunguza kitu. Kisha nikatengeneza kava. Nikaweka uso wake, ule wa unga na masizi, ukajaa karatasi nzima, na chini yake kwa herufi nyekundu nikaandika: KISA CHA KWELI KILICHOTOKEA PWANI. Katika biashara yetu hayo ni maneno ya kawaida. Tunayaandika hata kwenye filamu ya nyoka anayezungumza Kiswahili. Hakuna muuza filamu anayedhani kuna mtu atayaamini, na hakuna anayeyaondoa, kwa sababu yanauza.

Iliuza. Ilikwenda kwa flashi na kwa simu, ikapanda mabasi ya Tanga. Sikumpelekea Mwalimu nakala. Alinipigia mwenyewe.

"Imetoka vizuri?"

"Vizuri sana, Mwalimu."

"Na beseni limeonekana?"

"Limeonekana."

Nimejaribu mara nyingi kulitafutia neno lile jina lingine. Ni uongo, na niliusema nikiwa natafuna karanga.

Yaliyotokea Mapinga nilisimuliwa na jirani yake, mama muuza mboga, mmoja kati ya wachache ambao hawakumwacha. Ilianzia saluni. Akina mama wanasukwa siku ya Jumamosi, watoto wako mapajani, televisheni imefungwa juu ya kioo inaonyesha Visa Vitatu. Wakafika cha tatu. Yule mwanamke akampokea mtoto, akaanza kuvuma puani. Na binti mdogo aliyekuwa amepakatwa na mama yake akainua kichwa, akasema kwa furaha kabisa, "Mama, huyo Bibi yetu."

Msusi akaacha kusuka. Wakarudisha nyuma, wakasikiliza tena. Wakamtazama yule mwanamke anavyokunja kiwiko kumlaza mtoto, wakaujua ule mkono. Kisha mmoja akachukua kasha la DVD lililokuwa mezani akasoma maandishi yangu mekundu kwa sauti.

Hawakumfanyia fujo, na labda fujo ingekuwa afadhali. Waliwatoa watoto mmoja mmoja, kwa adabu. Huyu anakwenda kwa bibi yake Kiwangwa. Huyu tumempatia dada wa kazi. Wiki ileile mtoto mmoja akapata homa, kama watoto wanavyopata homa kila mvua zikianza, na mtu akasema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Baada ya hapo hata visingizio havikutolewa tena.

Mmoja wa akina mama wale alikuja dukani kwangu. Sikumjua. Alikuwa na kasha mkononi, sauti ameishusha.

"Samahani dada. Hiki kisa ni cha kweli? Huyu mama yupo?"

Kaunta ilikuwa na wateja watatu, wote wamegeuka kunisikiliza. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni: ni mchezo, ni mwalimu wangu, unga ule nilikoroga mimi. Ilikuwa sentensi ya kumeza mate mara moja na kuisema. Nikatabasamu kibiashara.

"Wenyewe wa pwani ndivyo wanavyosema, dada."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi kumbe. Kuna bibi mmoja kule Mapinga nilikuwa namwachia mwanangu. Kesho simpeleki."

Hapo nikaelewa. Wale wateja watatu walikuwa bado wamenitazama, na mmoja alikuwa ameshanyoosha mkono kuichukua DVD. Yule mama akanishukuru, akatoka. Mlango wangu una hatua mbili tu mpaka barabarani, na sauti ninayo. Sikumwita.

Habari zikamfikia mwenyekiti wa kitongoji, akaitisha kikao. Jirani muuza mboga alikuwepo. Alinieleza kuwa Mwalimu alifika amevaa gauni lake la kanisani, amebeba beseni, sabuni na taulo. Hakujitetea. Aliomba apewe kiti, akaweka beseni miguuni, akanawa uso mbele ya watu wote, taratibu, mpaka nyuma ya masikio. Akajifuta. "Hamjambo," akasema, kisha akaanza kueleza kwamba yeye ni mwalimu na ile ilikuwa tamthilia. Lakini waliokuwa pale hawakuwahi kumwona akinawa kwenye filamu. Hawakujua anarudia nini. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa ananawa nini, mbona hajapaka kitu?" Wengine wakacheka. Wengine hawakucheka hata kidogo. Wakanyanyuka, wakaenda kusimama mbali na yale maji.

Majuto ni mjukuu, nami nimezaa ukoo mzima. Niliziondoa DVD dukani. Nikairudisha sehemu ya kunawa, nikawa naiweka bure kwenye flashi za watu bila kuniomba. Hawaitazami. Wanaipeleka mbele, wanadhani ni tangazo la sabuni.

Kumfuata Mapinga kulinichukua karibu mwaka. Visingizio vyangu vilikuwa na uzito wa kutosha: ujauzito, kujifungua, arobaini, mvua. Mwanangu alipotimiza miezi mitano nikakosa kingine, nikambeba mgongoni, nikaenda mchana wa Jumatano, saa ambayo zamani baraza lingekuwa na kelele.

Lilikuwa limefagiliwa safi, na hakukuwa na mtu ila yeye, akichagua mchele kwenye ungo. Alikuwa amepungua mwili. Miwani ilikuwa mpya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja na mgeni."

Akanisogezea mkeka. Nikakaa, nikasema yote bila kupumzika, beseni, maandishi mekundu, yule mama wa dukani. Sikulia, niliona kwamba kulia kungekuwa kumtwisha kazi ya kunibembeleza. Yeye aliendelea kuchagua mchele. Nilipomaliza akapuliza makapi kwenye ungo.

"Nilijua tangu nilipokuuliza habari za beseni," akasema. "Ulijibu upesi mno."

"Mbona hukunisema, Mwalimu?"

"Ulikuwa mtu mzima. Nikasema mwenyewe atarekebisha." Akauweka ungo chini. "Kuitwa mchawi si kitu. Nimefundisha miaka mingi, majina nimeitwa mengi. Ila wale watoto. Wanapita hapo nje wakienda dukani, wakinichungulia wanakimbia. Wengine niliwafundisha kutembea humu barazani. Wana hofu yangu mwilini, na wazazi hawaniachii nafasi hata ya kuwaambia hamjambo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Nikasema, "Nisamehe, Mwalimu."

"Nilishakusamehe. Ningekaa nalo la nini?" Akajipangusa mikono kwenye kanga, na uso wake ukabadilika, ukachangamka kama wa mtu aliyekumbuka kuwa ana mgeni. Akauliza kama nilijifungua salama, kama maziwa yanatoka, kama baba wa mtoto ananisaidia. Kisha akanyoosha mikono yote miwili. "Mlegeze basi, joto lote hili. Mlete kwangu."

Ninavyoandika haya nakumbuka harufu ya gundi ile ya karatasi. Ninajua kilichokuwemo kwenye bakuli, kijiko kwa kijiko. Hakuna mtu hapa duniani ajuaye kwa hakika zaidi yangu kwamba hakukuwa na kitu kingine. Na mkono wangu wa kulia ulipanda wenyewe mpaka kwenye fundo la kanga kifuani, ukalikaza.

Haikuwa muda mrefu. Nilijigundua, nikaanza kulifungua. Lakini alikuwa amekwisha kuona. Mikono yake ilirudi mapajani polepole, akailaza hapo, akalinyoosha gauni ambalo halikuwa limekunjamana.

"Mwache," alisema. "Amelala."

Mtoto alikuwa macho. Alikuwa ametoa kichwa begani kwangu, anamtazama yeye, anamchekea.

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema. "Amelala."